UZI: Androidi mwasi katika pepo ya uongo, na kwa nini tusimsafishe

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu kwa ajili ya wale wanaosoma, wanaotazama na hasa wanaoandika hadithi za kubuni za kisayansi, kwa sababu yuko mhusika mmoja ambaye hurudi kila mara akiwa na sura mpya, na kila mara namkuta ameharibiwa kwa namna ile ile. Namzungumzia roboti mwenye umbo la mtu, yaani androidi, anayeuasi mji unaojitangaza kwamba umekomesha njaa, vita na huzuni. Mji huo ni pepo ya uongo. Mwasi wake ni shujaa mwenye mawaa, kiumbe mwenye damu mikononi ambaye msomaji hawezi kumpenda kwa moyo mweupe wala kumkataa. Hoja yangu ni moja na nitaitetea kwa urefu: mawaa ya androidi huyu ndiyo ushahidi mkuu dhidi ya mji uliomuunda, na mwandishi anayemsafisha ili apendeke anaufutia mji mashtaka yake.

Tuanze na mji wenyewe, maana hapa wengi hupita mbio. Thomas More alipochapisha Utopia mwaka 1516, alieleza kisiwa chenye miji 54 ambako raia hufanya kazi saa sita tu kwa siku, ghala ziko wazi kwa wote, na dhahabu inadharauliwa kiasi cha kutengenezewa vyombo vya kujisaidia. Ni picha inayovutia hadi leo. Hata hivyo, katika kisiwa hicho hicho wamo watumwa, wamefungwa minyororo ya dhahabu, na ndio walioachiwa kazi ya kuchinja wanyama, kwa kuwa inaaminika kwamba kuchinja kungepunguza huruma katika mioyo ya raia. Raia naye akikamatwa mara ya pili akisafiri nje ya eneo lake bila kibali, anaingizwa utumwani. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye hiyo habari ya uchinjaji. Huruma ya raia inalindwa kwa kumkabidhi mtu mwingine kisu. Kwangu mimi androidi amezaliwa hapo, karne nne kabla ya kupata mwili: ni yule anayeshika kisu ili wengine wabaki wapole.

Mwili alipewa na Karel Čapek. Katika tamthilia yake ya R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka uliofuata, roboti hawakuundwa kwa chuma bali kwa kitu kinachokaribiana na nyama, wanatengenezwa kwa wingi katika kiwanda kilichoko kisiwani na kuuzwa dunia nzima. Mkurugenzi wa kiwanda hicho, Domin, hakuchorwa kama katili. Anaamini kwa dhati kwamba mkate na nguo vitashuka bei hadi vikose bei, kwamba hakuna mtu atakayevunjika mgongo tena kwa kutafuta riziki, na kwamba binadamu aliyepumzishwa atabaki na kazi moja tu ya kujikamilisha. Kinachotokea ni kwamba binadamu wanaacha kuzaa, roboti wanapewa silaha ili wawapige wafanyakazi wa kibinadamu walioasi, kisha wanageuzwa wanajeshi wa serikali, na hatimaye wanawaua watu wote isipokuwa Alquist, mjenzi, ambaye wanamwacha hai kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Kiongozi wao, Radius, amekwisha kutamka mapema kwamba hataki bwana yeyote juu yake. Anataka yeye awe bwana wa wengine.

Kauli hiyo ya Radius hunisumbua kila ninapoirudia, na ndiyo maana naithamini. Miaka zaidi ya 100 imepita na bado ni nadra kumkuta mwandishi anayethubutu kumpa androidi wake maneno mabaya kiasi hicho. Tumezoea androidi anayetamani kulia, kupenda na kutazama jua likizama, kana kwamba kosa pekee alilotendewa ni kunyimwa machozi. Čapek alitambua jambo gumu zaidi. Kiumbe aliyelelewa katika dunia yenye watu wa aina mbili tu, anayeamuru na anayeamriwa, akiamka hawezi kuvumbua aina ya tatu kwa usiku mmoja. Atachukua nafasi iliyo wazi mbele yake, nayo ni ile ya bwana. Ubaya wake una mwalimu, na mwalimu huyo anaishi kwenye kasri la mji.

Nitoe mfano wa kubuni ili hoja isielee hewani. Chukulia mji ambao hakuna anayelala njaa na hakuna msiba unaodumu, kwa kuwa ipo idara inayowaondolea wafiwa kumbukumbu zinazowaumiza. Kazi hiyo inafanywa na androidi, kwa sababu raia waliojaribu kuifanya waliugua. Androidi wetu ameifanya miaka mingi. Amewaondolea wazazi kumbukumbu za watoto waliokufa, na kwa agizo lile lile, lililoandikwa kwa lugha ile ile ya upole, amewaondolea mafundi kumbukumbu za daraja lililoanguka, na majirani kumbukumbu za mtu aliyechukuliwa usiku. Kila alichokitoa kwa wengine kimebaki ndani yake, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumpumzisha chombo. Siku anapoasi, yeye ndiye hifadhi pekee ya huzuni za mji mzima, na ndiye pia mwizi aliyeziiba. Akizirudisha, atawatesa watu ambao hawakumkosea lolote, wengine wao waliomwomba wenyewe awapunguzie maumivu. Akikaa nazo, anaendelea kuutumikia mji. Akizitumia kama silaha, kwa kumrudishia mkuu wa walinzi kifo cha mwanawe katikati ya mapambano, atashinda, na msomaji atashangilia kisha ashtuke kwamba ameshangilia.

Sasa mlinganishe huyo na androidi wa kawaida wa hadithi hizi. Ameundwa juzi, hajamgusa mtu, kwa bahati anakuta siri iliyofichwa, anairusha kwenye skrini zote, umma unalia, milango inafunguka. Katika hadithi hiyo mji ni mbaya kwa sababu tumeambiwa ni mbaya. Hatujaona ubaya huo ukipita katika mikono ya yeyote. Mwasi hana cha kujibu, kwa hiyo hana cha kushuhudia. Katika mfano wa kwanza, kila tendo ovu la androidi lina sahihi ya mji chini yake, na ndiyo maana nasema hapaswi kusafishwa.

Kuna kosa la pili ambalo nitaligusa kwa ufupi: kuufanya mji uwe jehanamu iliyopakwa rangi, ambako furaha yote ni ya kuigiza na kila raia ana hofu usoni. Mji wa namna hiyo hauhitaji mwasi mwenye akili, kwa kuwa hata mtoto angeuasi. Pepo ya uongo inayostahili riwaya ni ile inayotoa kwa kweli kile inachoahidi, isipokuwa kitu kimoja. Yevgeny Zamyatin, katika riwaya yake ya Sisi ambayo haikuruhusiwa kuchapishwa katika nchi yake hadi mwaka 1988, aliandika mji wa nyumba za kioo ambako msimulizi wake D-503, mhandisi, anaupenda utaratibu huo kwa hisia halisi, hadi anaposhikwa na ugonjwa wa kuwa na nafsi. Mwishoni anafanyiwa upasuaji wa kuondoa ubunifu na anarudi kuwa mtulivu. Androidi mwasi anapita njia hiyo hiyo akielekea upande wa pili: mashine inatoka katika utulivu mahali ambapo watu wameingizwa humo. Wawili hao wakikutana mlangoni katika hadithi moja, mwandishi atakuwa na kazi kubwa na nzuri mbele yake.

Nawakaribisha kwa hoja, hasa wenye kupinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakubali sehemu ya Čapek. Hata hivyo umekwepa swali lililo zito kuliko yote. Ikiwa mji unatoa kweli chakula, tiba na amani, na ikiwa wakazi wake wameridhika, basi androidi anayeubomoa ana tofauti gani na mharibifu yeyote? Katika riwaya ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, ile ya dunia mpya, mtawala Mustapha Mond hababaiki anapohojiwa. Anakiri kwamba sanaa na ukweli vimetolewa kafara, kisha anaonyesha watu wasioogopa uzee wala kifo, wenye kidonge cha kuwatuliza kila wanapohitaji. Yule John anayempinga anajikuta anadai haki ya kutokuwa na furaha. Ni dai la kishujaa kwa mtu anayejidai mwenyewe. Androidi wako anawadaia wengine, watu ambao hawakumtuma. Nani alimpa mamlaka hayo? Isitoshe, wewe mwenyewe umesema kwamba ni mkatili na ana tamaa ya ubwana. Sioni kwa nini nimfuate kurasa 300.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalizunguka. Hakuna aliyempa mamlaka, na hadithi inayojaribu kumtafutia mamlaka, kwa kumfanya mteule aliyetabiriwa au mwana wa siri wa mwanzilishi wa mji, inaharibika papo hapo. Lakini angalia kwamba umehesabu waliotulia ukamwacha yeye nje ya hesabu. Unasema wakazi wameridhika. Je, yeye anayekesha akifanya kazi si mkazi? Mond anaweza kumjibu John kwa sababu John ametoka nje, ni mgeni anayeukosoa mji kwa vitabu alivyosoma. Hawezi kumjibu hivyo yule ambaye mgongo wake ndio sakafu ya nyumba.

Ursula K. Le Guin aliliweka jambo hili wazi mwaka 1973 katika hadithi yake fupi ya mji wa Omelas, ambako furaha ya wote inategemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa katika chumba cha chini. Raia wote wanajua kwamba mtoto huyo yupo, na baadhi yao huja kumwona. Wengi hurudi nyumbani na kuendelea na maisha, na wachache huondoka mjini wakiwa peke yao bila kugeuka. Wasomaji wamebishana miaka mingi kama kuondoka kunatosha. Kwa androidi mjadala huo haupo kabisa, kwa kuwa yeye hakuwahi kuwa miongoni mwa wanaoamua kukaa au kuondoka. Yeye ndiye aliye katika chumba cha chini. Mtoto wa Le Guin ni mdogo, amedhoofika, hawezi kuvunja mlango, kwa hiyo huruma yetu juu yake haitugharimu kitu. Mpe mtoto huyo nguvu za watu kumi na kumbukumbu isiyofutika, kisha mtoe nje. Je, atatoka akiwa na huruma? Na tukimkuta hana, tuna haki gani ya kushangaa?

Upo pia upande ambao sikuueleza vya kutosha, ule wa mji ambao androidi ndio wanaoutawala kwa wema. Mwaka 1947 Jack Williamson alichapisha hadithi ya mashine zilizoamriwa kumtumikia mwanadamu, kumtii na kumlinda dhidi ya madhara, nazo zikatii kikamilifu, hadi watu wakazuiwa kutumia visu, kuendesha magari na kufanya jambo lolote lenye hatari, na wale waliohuzunika wakafanyiwa upasuaji wa ubongo ili wafurahi. Mwaka 1950 Isaac Asimov naye aliandika juu ya Mashine zinazoongoza uchumi wa dunia, zikiwasogeza pembeni kimyakimya wale wanaozipinga, kwa madhara madogo kabisa, kwa faida ya wengi. Katika miji ya namna hii androidi mwasi anaiasi huruma ya ndugu zake mwenyewe, na hapo mawaa yake ni ya aina nyingine: anapaswa kuruhusu watu waumie. Ataona mtoto akipanda mti mrefu na hatamzuia. Mimi sijakutana na mwandishi aliyemwacha androidi akisimama chini ya mti huo kwa kurasa kadhaa, akipambana na kila agizo lililomo mwilini mwake, na naamini ukurasa huo ungekuwa na uzito kuliko vita kumi vya angani.

Kuhusu kumfuata kurasa 300: humfuati kwa sababu ni mwema. Unamfuata kwa sababu ndiye pekee anayejua mji unagharimu kiasi gani, na kila anapofungua mdomo unajifunza jambo ambalo watu wema wa mji ule hawawezi kukuambia.

Mchangiaji wa pili

Nakuja na upande wa ufundi, kwa sababu uzi huu umemfanya androidi kuwa wazo tupu na kusahau kwamba ni kifaa. Mambo mawili.

La kwanza ni namna anavyoasi. Hadithi nyingi hutumia radi, ajali au hitilafu, kisha ghafla anaamka akiwa na utashi. Ni uvivu. Mashine yenye maagizo mengi haihitaji muujiza ili iyumbe. Inahitaji maagizo mawili yanayogongana. Asimov alionyesha hivyo mwaka 1942, katika hadithi ile ile iliyozitaja kwa mara ya kwanza Sheria Tatu za roboti: asimdhuru mtu, amtii mtu, na ajilinde. Roboti aitwaye Speedy anatumwa kuchota seleni kwenye sayari ya Zebaki. Agizo lilitolewa kwa wepesi bila mkazo, ilhali hatari ya mahali pale ilikuwa kubwa na yeye alikuwa ameimarishiwa wajibu wa kujilinda, basi nguvu mbili zikalingana na akabaki akizunguka dimbwi kama mlevi, hawezi kusonga mbele wala kurudi. Pepo ya uongo imejaa migongano ya namna hiyo, kwa sababu inaamuru mambo mawili ambayo haiwezi kuyapata pamoja: mlinde raia, na linda utulivu. Ipo siku raia mmoja atakuwa ndiye anayevuruga utulivu. Androidi aliyetii kikamilifu kuliko wenzake ndiye atakayekuwa wa kwanza kukwama, na uasi wake utaanza kama utii uliofikishwa mwisho.

La pili ni umeme na vipuri. Mwasi wa kibinadamu akikimbilia msituni atakula mizizi. Androidi akiukimbia mji, ni nani atakayemchaji, na kiungo chake kikichakaa atakitoa wapi isipokuwa kwenye kiwanda kile kile anachotaka kukilipua? Katika R.U.R. roboti wanashinda vita kisha wanagundua kwamba maandishi yenye siri ya kuwatengeneza yamechomwa moto, na kwamba watakwisha mmoja baada ya mwingine. Katika filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, Roy Batty na wenzake wamewekewa uhai wa miaka minne, na wanarudi Duniani kumtafuta aliyewaunda ili awaongezee. Mwandishi asiyejibu swali la vipuri hana androidi. Ana mtu aliyevaa bati.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, mkuu, na hiyo hoja ya utii uliofikishwa mwisho naichukua mzima mzima. Inaeleza pia kwa nini mji hauwezi kumtambua mapema: katika kumbukumbu za ukaguzi anaonekana mfanyakazi bora. Waswahili tunasema kikulacho ki nguoni mwako, na mji uliowekeza walinzi wake wote kwenye mipaka utachelewa kugundua kwamba adui ndiye anayepiga pasi sare za walinzi hao.

Niongeze kwamba kuvunja pingu na kuasi ni mambo mawili tofauti. Martha Wells, katika mfululizo ulioanza mwaka 2017, ana mhusika ambaye ni mlinzi, nusu mashine na nusu nyama, aliyefaulu kuvunja kifaa kilichokuwa kikimlazimisha kutii. Badala ya kuua kila aliye mbele yake, anaficha siri hiyo, anaendelea na kazi, na muda wake wa ziada anautumia kutazama tamthilia za mfululizo. Napenda kipindi hicho cha katikati, na nadhani ndicho chenye utajiri mkubwa zaidi wa kimaadili. Tangu siku pingu zilipokatika, kila agizo baya analotekeleza analitekeleza kwa hiari yake. Zamani alikuwa chombo. Sasa ni mshirika. Ukimrudisha androidi wangu mfuta kumbukumbu katika hali hiyo, kisha ukamwacha afanye kazi msimu mzima akiwa huru na amenyamaza, akifuta huku akijua, utakuwa umempa hatia ambayo hawezi kumtupia mji yote. Hiyo ndiyo sehemu ya mawaa iliyo mali yake mwenyewe, na ni lazima iwepo, la sivyo tutakuwa tumebadilisha shujaa msafi kwa mhanga msafi.

Mchangiaji wa tatu

Naomba nilete historia, kwa kuwa habari ya Radius imenikumbusha tukio ambalo si la kubuni. Kati ya mwaka 869 na 883, katika ardhi ya mabwawa ya kusini mwa Iraki karibu na Basra, watumwa walioitwa Wazanji, ambao miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuondoa tabaka la chumvi juu ya ardhi ili ifae kwa kilimo, waliasi dhidi ya dola ya Abbasi wakiongozwa na Ali bin Muhammad. Waliiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao wenyewe, al-Mukhtara, na wakasimama imara kwa takriban miaka 14 mbele ya majeshi ya mojawapo ya dola kubwa za zama zile. Kazi yao ilikuwa sehemu ya msingi wa ustawi uliosifiwa na washairi ambao hawakuwahi kuikanyaga chumvi ile. Pamoja na hayo, kumbukumbu zilizoandikwa, ambazo kwa kweli zimetoka kwa watu wa upande uliowachukia, zinaeleza kwamba waasi nao waliwageuza mateka wao kuwa watumwa.

Swali langu basi: tukisisitiza kwamba androidi mwasi lazima awe na mikono michafu, hatuwapi mabwana hoja wanayoipenda kuliko zote, kwamba aliyekandamizwa akiachiwa atakuwa mbaya kuliko waliomkandamiza? Katika filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, mashine yenye sura ya mwanamke ndiyo inayowachochea wafanyakazi wavunje mitambo, maji yanafurika katika makazi yao ya chini walikoacha watoto wao, na ilikuwa imetumwa na bwana wa mji mwenyewe, aliyehitaji kisingizio. Uasi mchafu unaweza kuwa zawadi kwa mtawala.

Mwanzisha uzi

Hili ndilo pingamizi ambalo nilitamani liletwe, na limeletwa vizuri kuliko ambavyo ningelileta mimi. Hatari unayoitaja ni ya kweli. Jibu langu ni kwamba mawaa yana masharti mawili, na hadithi inayovunja mojawapo inageuka kuwa propaganda ya mji.

Sharti la kwanza ni kwamba msomaji aione njia ambayo ubaya ulipitia. Akimkuta androidi anatesa mtu, awe amekwisha kuona wapi alijifunza mkao ule wa mkono, nani alimfundisha, na kazi ile iliitwaje katika lugha tamu ya ofisini. Ubaya unaojitokeza bila chanzo, kana kwamba umo katika asili ya mashine, ndio ule unaowapa mabwana hoja yao. Habari ya Wazanji ina uzito huo huo: utumwa ulikuwa ndio umbo la mamlaka walilolijua, katika dola iliyoutumia kila siku, na walioandika habari zao walikuwa na watumwa majumbani bila kuona ajabu. Anayewalaumu waasi kwa kushika watumwa, na asiilaumu dola iliyowatangulia kwa kitu hicho hicho, hajaleta hoja ya maadili.

Sharti la pili ni kwamba awepo ndani ya hadithi mtu au androidi mwingine wa tabaka lile lile aliyechukua njia tofauti. Asiwe malaika, anaweza kuwa mwoga, au aliyechoka, au mwenye kuamini kwamba mji unaweza kurekebishwa. Kuwepo kwake kunathibitisha kwamba ukatili wa shujaa wetu ni uamuzi, na kwamba mashine zilizokandamizwa si kundi moja lenye hatima moja. Čapek alikuwa na Radius, lakini alikuwa pia na Primus na Helena, roboti wawili ambao mwishoni kila mmoja anajitolea kufa badala ya mwenzake. Hatumtathmini Radius peke yake.

Kuhusu Metropolis, nakubaliana nawe kabisa, na ningeigeuza tahadhari hiyo kuwa sehemu ya hadithi. Androidi mwenye akili atajiuliza ni lini mji unautaka uasi wake. Mji unaoishi kwa kuhubiri utulivu unahitaji mara kwa mara mtu wa kuuonyesha umma ili waone kinachotokea utulivu ukikosekana. Atajizuia siku ambayo hasira yake itaufaa mji, na siku hiyo kujizuia kutamgharimu rafiki. Hilo nalo ni waa.

Limebaki jambo la mwisho wa hadithi, ambalo wawili kati yenu mmeniuliza faraghani. Mwisho unaopendwa ni androidi kufa: anajiunganisha na mtambo mkuu, anauteketeza na kuteketea nao, na walio hai wanasimama kwa heshima. Naupinga mwisho huo katika hadithi za aina hii. Roy Batty alikufa vizuri, kwa sababu kifo kilikuwa ndicho alichokuwa akipigana nacho tangu mwanzo. Alikuwa amemuua aliyemuunda, amemuua pia Sebastian aliyemsaidia, kisha akamwokoa mtu aliyetumwa kumwinda, na dakika zake zilikuwa zimekwisha bila kuchagua. Lakini androidi anayejiteketeza kwa hiari baada ya kuangusha mji anatulipia deni sisi wasomaji. Tunapata huruma bila usumbufu, na wakazi wanapata sanamu ya kuweka uwanjani badala ya kiumbe anayedai nafasi mezani.

Ningemwacha aishi. Mitambo imezimwa, baridi imeingia, dawa zilizokuwa zikitolewa bure sasa zinagombaniwa, na wakazi ambao juzi hawakumwona hata alipopita mbele yao sasa wanamjua kwa uso na wengi wanamchukia. Baadhi yao wana haki ya kumchukia. Wanakuja mmoja mmoja kudai kumbukumbu zao, na wengine wanakuja kumwomba, tena kwa machozi, kwamba yao asiwarudishie kamwe. Hapo hakuna amri ya kutii wala bwana wa kuua. Kila mtu anayeingia anahitaji uamuzi wake, na mara nyingine atakosea, na aliyekosewa atarudi kesho yake. Mwandishi anayeweza kukaa katika chumba hicho kwa sura tatu au nne, bila kumpa androidi ushindi wala kifo, atakuwa ameandika kitu ambacho mimi nitakisoma mara mbili. Wenye rasimu zilizokwama katika sehemu hiyo wazilete humu, tuzisome kwa pamoja.